Niliwakubalia Watu Watatu

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kaunta, husoma kipimajoto cha friji ya dawa na kuandika namba yake kwenye daftari linaloning'inia kwa kamba. Kisha hufuta kwa spiriti sinia la kuhesabia vidonge, halafu huchemsha maji ya dawa za watoto na kuyaacha yapoe kwenye jagi lenye kifuniko. Ni kazi tatu, kwa mpangilio uleule, mwaka wa nne sasa. Hizo ndizo dakika ishirini za siku ambazo simwogopi mtu.

Jumatatu ile kalamu ilikuwa bado haijaondoka kwenye karatasi nilipohisi kitu cha baridi kisiginoni. Nikatazama chini. Ilikuwa ncha ya futikamba, imetambaa sakafuni kutoka stoo hadi miguuni pangu. Upande wa pili alikuwa amechuchumaa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono yake ikawa na makali.

"Samahani dada," alisema. "Endelea tu na kazi yako. Mimi napima."

Nilitaka kumuuliza anapima nini, na kwa ruhusa ya nani. Badala yake nikasogeza mguu ili asipate tabu.

Mwenye duka akaingia akichechemea. Mtaa mzima humwita Mama Kijiko, kwa kuwa hakuna mzazi anayetoka kwake na dawa ya maji bila kijiko cha kupimia. Na hakuna anayetoka, awe na dawa ya aina gani, kabla ya kuambiwa, "Haya, nirudishie." Maana yake urudie kwa mdomo wako jinsi utakavyoitumia. Muuza nyama wa jirani, mtu mwenye kifua kama kabati, husimama pale akikariri kama mtoto wa darasa la pili: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, na pombe nisiguse."

"Nini usiguse?"

"Pombe, Mama."

"Sijasikia."

"Pombe, Mama," husema tena kwa sauti, na foleni nzima hucheka, naye huondoka akiwa ameelewa.

Asubuhi ile Mama Kijiko hakuwa na utani. Alinishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya rafu za dawa za kikohozi.

"Yule anatoka Kampuni," alisema. Alimaanisha kampuni yenye maduka ya dawa kumi na tisa, yote yana milango ya kioo na rangi moja. "Wanataka duka. Mimi nimechoka, mwanangu. Goti la kushoto limeshastaafu, na sasa linamshawishi mwenzake. Nimemwambia aje Ijumaa saa nne kwa jibu. Lakini wa kwanza ni wewe. Ukilitaka ni lako, tutaandikiana, na utanilipa taratibu duka likiwa linakulisha. Usipolitaka nampa yeye, na simlaumu mtu. Unalitaka?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amenitazama kwa macho ya mtu aliyebeba kitu kizito anayetafuta pa kukitua, nami sikuweza kumwacha nacho mikononi. Akanikumbatia na harufu yake ya mafuta ya kuchua, akasema, "Nilijua."

Alijua kuliko mimi.

Saa moja baadaye alikwenda kwa daktari wa magoti. Bwana Futi, hilo ndilo jina nililompa moyoni, akaja kwenye kaunta akikunja kamba yake.

"Cheti kile ukutani ni chako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kampuni inahitaji mfamasia mwenye cheti hapa hapa. Mshahara ulionyooka, bima, likizo, sare mbili. Usiku unalala, mchana unauza, dawa zikiharibika si zako. Njoo Jumatano ufanye kazi siku moja kwenye tawi letu la karibu na kituo cha mabasi, uonje. Ukipenda, Ijumaa tunasaini vyote pamoja, duka na wewe." Akacheka. "Samahani, si kwamba wewe ni bidhaa."

Ningeweza kumwambia, dakika ile, kwamba nimeshamkubalia mwingine. Lakini alikuwa mpole, na wapole ndio wanaonishinda kabisa.

"Haya," nikasema. "Nitakuja."

Hao wakawa wawili.

Wa tatu ni kaka yangu. Alinilea tangu nikiwa na miaka kumi, akanisomesha chuo kwa nyundo na misumari. Ni fundi wa makochi. Zamani alikuwa na karakana yake mwenyewe yenye mafundi wanne. Ilifungwa mwaka niliomaliza chuo, na sasa anashona viti kwenye karakana ya mtu mwingine, mtu ambaye kaka ndiye aliyemfundisha kazi. Hatuizungumzii habari hiyo.

Jumanne saa ya chakula nilimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, lina sponji na mbavu za mbao tu. Misumari midogo ilikuwa imepangwa midomoni mwake. Wifi yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, bakuli la chakula cha mumewe mapajani, anakula yeye.

Nikawaeleza yote, isipokuwa kwamba nilishatikisa kichwa kwa Mama Kijiko.

Kaka akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja. Hufanya hivyo jambo likiwa zito.

"Chukua kazi," alisema.

"Lakini duka..."

"Duka ni ugonjwa. Mimi nimeugua, najua dalili zake. Unaamka na hofu, unalala na hofu, na katikati unatabasamu kwa wateja. Kampuni wana mgongo. Wewe una mgongo gani?"

"Mwache amalize kusema," wifi alisema.

"Amalize nini? Mdogo wangu huyu? Anaagiza chai kwa kunong'ona, mhudumu anamletea soda, anainywa. Ataweza kugombana na wasambazaji wa dawa? Ataweza kumwambia mtu hapana? Sauti yake haifiki mlangoni."

"Na kimya kingi kina mshindo mkuu," wifi alisema akilamba kidole. "Lakini nani ananisikiliza mimi, mimi ni mla chakula cha watu."

Nilicheka. Kaka hakucheka. Alinishika bega kwa mkono wenye gundi.

"Nakuomba. Chukua kazi."

Katika maisha yangu kaka ameniamuru mara elfu. Kuniomba, ilikuwa mara ya kwanza.

"Ndiyo, kaka," nikasema.

Nilirudi dukani kwa miguu nikihesabu watu niliowakubalia, kama mtu anayehesabu vidonge na kukuta vimezidi. Lile duka lilikuwa moja. Ijumaa ilikuwa moja. Na mimi nilikuwa mmoja, ingawa kwa namna nilivyokuwa nikiahidi ungedhani tuko ukoo mzima.

Jumatano nikamwomba Mama Kijiko ruhusa ya siku moja bila kumwambia ya nini, nikaenda kwenye tawi. Palikuwa pazuri, sisemi uongo. Sakafu iling'aa hadi ukaona nyayo zako chini, na hewa ilikuwa baridi kama ndani ya friji yetu. Wateja walichukua namba kwenye mashine. Kwenye kaunta, mbele yangu, palikuwa na saa ndogo. Kila mteja alipofika, niliibonyeza, ikaanza kuhesabu. Zikipita dakika mbili inakuwa nyekundu.

Msimamizi alikuwa dada wa umri wangu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alinifundisha kwa upole. "Unapokea cheti cha daktari, unatoa dawa, unauliza, 'Na vitamini je?' Basi. Maswali mengine yanakula muda."

Mteja wangu wa pili alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Cheti kilikuwa cha dawa ya unga, ile inayokuja kavu kwenye chupa, unaitia maji safi hadi kwenye mstari, unatikisa, ndipo inakuwa dawa. Kwetu, chupa hiyo haitoki dukani ikiwa kavu. Tunaitia maji sisi, yale ninayochemsha kila asubuhi, mbele ya macho ya mzazi.

"Umewahi kutumia hii?" nilimuuliza.

"Nimewahi. Nampa kijiko kimoja cha unga, halafu anashushia na maji."

Nikaiweka chupa chini. Alikuwa ameshawahi kumpa mtoto dozi nzima ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kumshukuru Mungu kwamba alipona. Nikaomba maji. Msimamizi akanong'ona, "Hapa hatutii maji. Chupa ikifunguliwa hairudi rafuni."

"Na akienda akampa unga?"

"Maelezo yako kwenye boksi."

"Kwa herufi za sisimizi," nilisema. Sijui ilitoka wapi hiyo. Nikaenda mwenyewe kwenye mashine ya maji ya kunywa, nikarudi na kikombe, nikaitengeneza ile dawa na kumwambia yule mama anirudishie. Alinirudishia mara mbili. Saa ikawa nyekundu. Nyuma yake mzee mmoja akauliza, "Binti, unauza au unafundisha shule?"

Kufika saa sita nilikuwa nimekimbizwa na ile taa nyekundu hadi nikaanza kuiogopa kuliko watu. Ikaja dawa ya unga nyingine, mama mwingine, mwenye mkoba mkubwa begani. Mikono yangu ikafanya kile inachojua. Ikafungua, ikatia maji hadi mstarini, ikatikisa, ikafunga. Nilikuwa na haraka, na nilijiona hodari.

Yule mama akaishika chupa, akaitazama.

"Umeshaichanganya?"

"Ndiyo, iko tayari."

"Lakini mwanangu hayuko hapa. Yuko kwa bibi yake. Naituma kwa basi kesho alfajiri, itafika keshokutwa. Kule hakuna friji."

Dawa ile ikishatiwa maji huhesabiwa siku, na ilihitaji baridi. Ingekaa karibu siku mbili mkobani na kwenye buti la basi na kufika ikiwa imeharibika, na yule bibi angempa mjukuu wake kwa mkono wa upendo.

Msimamizi aliona. Hakunikaripia. Alisema polepole, kama anayenihurumia, "Unaona sasa? Ndiyo maana hatutii maji."

Na hapo ndipo kitu kilipobadilika ndani yangu. Nimezoea kukubali kosa kabla hata halijathibitishwa. Nikikanyagwa, mimi ndiye husema samahani. Lakini hili nililijua vizuri kuliko yeye. Kwa miaka minne nimetia maji chupa ambazo sizikumbuki idadi, na sikuwahi kuharibu hata moja, kwa sababu kabla ya maji kuna swali: mtoto yuko wapi, na anaanza lini? Siku ile sikuuliza. Saa ndogo ilinitazama, nikameza swali.

"Kosa si maji," nikasema. "Kosa ni kutouliza."

"Sasa si ndiyo yaleyale?"

"Hapana," nikasema. "Si yaleyale."

Nikalipia chupa ile mwenyewe, nikachukua nyingine kavu. Nikachora chupa kwenye karatasi, nikachora mstari na kijiko, na mtungi wa maji wa kuipoozea chupa, kwa sababu alisema bibi hasomi. Nikamwambia yule mama ajifanye anaongea na mama yake kwa simu, anirudishie. Alikosea, tukaanza upya. Foleni ikaguna. Saa ikawa nyekundu, ikaanza na kulia, sikujua kama inalia pia. Nikaigeuza uso chini. Ikaendelea kulia kwenye kaunta kama mende aliyepinduka, nasi tukaendelea.

Jioni Bwana Futi alipita. "Una mkono mzuri," alisema. "Kasi itakuja yenyewe. Basi Ijumaa?"

Nilivua sare yao, nikaikunja vizuri, nikamwachia.

Alhamisi sikumwambia mtu kitu. Sikuwa jasiri kiasi hicho. Nilifanya kazi kama kawaida na nikiwa peke yangu nilizungumza na rafu. Nilijaribu kusema maneno yangu kwa dawa za minyoo, nikahamia kwa bandeji. Mara mbili nilimkaribia Mama Kijiko, mara mbili nikamuuliza kama anataka chai.

Ijumaa ikafika, nayo haikuja peke yake.

Mama Kijiko alitangulia, amevaa gauni lake la sherehe, ameleta kalamu mpya bado iko kwenye plastiki. Saa nne kamili akaingia Bwana Futi na bahasha, na nyuma yake fundi wa mabango aliyeanza kutazama juu ya mlango wetu. Kabla hawajakaa sawa, akaingia kaka yangu, amenyoa, na wifi na viatu vya kisigino vinavyomnyima raha. Walikuja kushuhudia ninavyosaini kazi. Kaka akamwendea Bwana Futi moja kwa moja, akampa mkono.

"Nashukuru kwa kumchukua mdogo wangu. Ni mchapakazi."

"Sisi ndio wa kushukuru," Bwana Futi alisema.

Mama Kijiko akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kumchukua wapi?"

"Kwenye Kampuni, Mama," kaka alisema. "Tulishazungumza, akakubali."

"Alinikubalia mimi. Jumatatu. Duka ni lake."

"Samahani," Bwana Futi alisema akifungua bahasha kana kwamba jibu limo humo, "mimi nilielewa amenikubalia mimi."

Wifi akavua kiatu kimoja, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Huyu binti angekuwa anatafuta mchumba," alisema, "leo tungekuwa na harusi tatu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa muuza nyama, aliyekuwa dirishani akisubiri dawa yake ya presha na sasa hakuwa na haraka yoyote.

Wote wakanigeukia. Nilitazama sakafu, nikaona viatu vyao vyote vimenielekea.

Kaka akasema, kwa sauti ya chini, "Usiogope. Waambie tu kwamba unachukua kazi."

"Sichukui," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sichukui kazi, kaka."

Alikuja karibu. "Unajua kilichonipata mimi. Uliona siku ile wanatoa mashine zangu nje. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliona pia miaka tisa kabla ya siku hiyo. Ulikuwa unaimba ukiwa kazini. Sasa huimbi."

Kaka akarudi nyuma hatua moja. Wifi akatazama pembeni.

Bwana Futi akakohoa kwa adabu. "Dada, nakuheshimu, kwa hiyo nitakuwa mkweli. Tukikosa hapa, tutafungua ng'ambo ya barabara. Pale pana nafasi, nimeshapima."

"Fungueni," nikasema.

"Bei zetu zitakuwa chini."

"Zishusheni. Mkiuza chupa kavu, wataivusha barabara waniletee niitie maji. Nitaitia bure, na nitauliza mtoto yuko wapi."

"Huwezi kuishi kwa maji ya bure."

"Labda. Nitajua nikiwa ndani, si nikiwa nimesimama nje nikiambiwa."

"Sauti yenyewe," kaka alisema, kama anajisemea, "haifiki hata mlangoni."

"Haifiki," nikamjibu. "Wanaotaka kunisikia husogea. Muulize huyo dirishani."

Muuza nyama akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi husogea," alisema.

Mama Kijiko alisimama kando ya kaunta. Alikuwa ameishika ile kalamu kwa mikono miwili, na nilipomtazama niliona mashaka usoni mwake. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Mwanangu," alisema, "kama uliniitikia kwa kunionea huruma, sema. Nitampa bwana huyu funguo, na wewe utabaki mwanangu vilevile. Sitaki duka langu liwe adhabu ya mtu."

Hapo nikajua kwamba kunyamaza kwangu, ambako siku zote nilikuita upole, kulikuwa kumewaweka watu watatu hapa wakiwa wamevaa vizuri, kila mmoja akisubiri neno ambalo sikuwa nimelitoa. Nikaondoka nyuma ya kaunta. Nikasimama katikati ya chumba, mahali ambapo husimama wateja.

"Niliwakubalia wote kwa sababu siwezi kutazama uso wa mtu ukisinyaa," nikasema. "Kaka, ulipoacha kuniamuru ukaniomba, nilisema ndiyo ili usiniombe tena. Wewe bwana, nilikuahidi ili uondoke. Nisameheni, nilikosea." Nikamgeukia mwenye duka. "Mama, kwako sikusema hata neno, nilitikisa kichwa tu, na sikujua nilichotikisia. Sasa najua, na wala sikuhurumii. Kama ni huruma ningekununulia mkongojo. Nalitaka duka. Nalitaka mwenyewe, na deni lake na hofu yake, na huyo atakayefungua ng'ambo. Nalitaka liwe langu."